Jozani kwa siku nzima: kima punju asubuhi, mikoko maji yakijaa

Watu wengi wanaokwenda msitu wa Jozani, hapa Unguja, hawakai huko zaidi ya saa moja na nusu. Hushuka garini, huwaona kima punju, hupiga picha, huoneshwa mti mmoja au miwili, kisha huendelea na safari yao kuelekea Paje au Jambiani. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo miaka kadhaa iliyopita, katika safari iliyoandaliwa na kampuni moja ya utalii iliyojumlisha mashamba ya viungo, msitu na ufukwe ndani ya siku moja, na nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba Jozani nimekwisha kuiona. Safari ya pili, niliyoifanya pamoja na mjomba wangu kwa daladala na kwa siku nzima, imenionesha kwamba hata nusu yake sikuwa nimeiona, na kwamba ile sehemu ya mikoko, ambayo dereva wa safari ya kwanza alituambia haina cha kutazamwa ila tope, ndiyo hasa inayostahili kupangiwa siku.

Msitu huu umo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 na ambayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee Zanzibar, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Kutoka Mji Mkongwe ni mwendo wa kilomita 35 hivi kwa barabara ya kusini, na daladala yoyote ya Makunduchi, Jambiani au Paje hupita mbele ya lango lake, kwa hiyo hakuna haja ya kukodi gari isipokuwa kwa mtu mwenye watoto wachanga au mzigo mwingi. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Jozani. Kiingilio ni kimoja, na ndani yake mna muongozaji, matembezi ya msituni, kuwatazama kima, na njia ya mbao ya mikokoni. Mwananchi hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisisahauliwe nyumbani. Mjomba, ambaye ameishi Muscat kwa zaidi ya miaka arobaini na sasa husafiri kwa pasi ya huko, alilipa kiwango cha wageni, na baada ya siku ile aliniambia kwamba thamani ya fedha yake aliipata yote.

Tulifika saa mbili kasoro robo asubuhi. Nawashauri wengine wafike saa hiyohiyo au kabla yake, kwa sababu mabasi ya wageni kutoka mahoteli huanza kuingia saa tatu na kuendelea, na msitu wenye watu sita si sawa na msitu wenye watu sitini. Muongozaji tuliyepewa alikuwa kijana wa kijiji cha jirani. Alipomsikia mjomba akimwitikia salamu kwa lafudhi ya Makunduchi, akaacha maelezo aliyokuwa ameanza kuyatoa kwa Kiingereza na kumwambia, "Basi mzee wangu, leo tutatembea Kiswahili." Hilo lilibadilisha safari nzima. Kwa Kiingereza nilikuwa nimekwisha kuyasikia maelezo yale, na miti yote ilikuwa na majina ya Kilatini. Kwa Kiswahili kila mti ulikuwa na kazi yake, na mwiko wake, na mtu fulani wa zamani aliyeutumia. Yeyote anayezungumza Kiswahili na aombe kuongozwa kwa Kiswahili, hata kama amekwenda na rafiki mgeni atakayehitaji kutafsiriwa.

Matembezi ya msituni huchukua muda wa dakika arobaini au zaidi kidogo. Jozani imekaa bondeni, mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa ardhi, na baada ya masika sehemu kubwa ya msitu husimama ndani ya maji. Ndiyo maana miti yake ni mirefu na minene, ilhali ukitoka hatua chache tu unakutana na msitu mfupi wa juu ya mawe ya matumbawe, ambako mti hupata riziki kwa kupenyeza mizizi kwenye nyufa. Tulioneshwa mitondoo yenye mashina ambayo watu wawili hawawezi kuyakumbatia, na michikichi iliyojiotea. Paa nunga, yule swala mdogo adimu, hakuonekana, wala sikumtarajia, kwa maana ni mnyama mwenye kujificha. Pembere, yaani pimbi wa mitini, na komba hutoka usiku. Sehemu hii ni nzuri na ina utulivu, lakini mtu aliyewahi kutembea misitu ya Amani au Udzungwa kule bara hataona humu kitu cha kumshangaza sana. Mjomba alisita kidogo penye mizizi iliyojitokeza juu ya ardhi, na kwa mzee mwenye matatizo ya magoti naona ni bora aombe njia fupi na kuhifadhi nguvu zake kwa ajili ya mikoko.

Kima punju tuliwakuta upande wa pili wa barabara, kwenye mashamba yaliyopakana na msitu, juu ya miti ya mikungu na miembe. Kundi lao limezoea watu kiasi kwamba linakula, linalala na kunyonyesha huku wageni wamesimama chini. Ni mnyama mzuri kwa namna isiyoelezeka kirahisi: mgongo wa rangi ya kutu, mikono na mabega meusi, tumbo jeupe, mkia mrefu unaoning'inia kama kamba iliyosahauliwa mtini, na nywele ndefu nyeupe zilizouzunguka uso mweusi na kumfanya afanane na mzee aliyeamshwa usingizini. Muongozaji alituonesha viganja vyake, ambavyo vina vidole vinne tu vinavyoonekana, kwa sababu kidole gumba chake kimebaki kama kinundu kidogo. Hushika matawi kwa kuangika vidole juu yake, na huruka kutoka mti hadi mti kwa uhakika ambao mtu mwenye vidole vitano hawezi kuufikiria. Miongoni mwao walikuwamo kima wa kawaida, wale wa kijivu wenye shingo nyeupe, na makundi hayo mawili yalikula kwenye mti mmoja bila ya ugomvi.

Jina la punju lilimfanya mjomba azungumze sana. Punju ni sumu, na alipokuwa mdogo Makunduchi waliambiwa kwamba mti anaokaa kima huyu hukauka na kwamba mbwa akimla hupukutika manyoya, na kwa hiyo hakuna mtoto aliyethubutu kumkaribia. Kijana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza kilichomo ndani ya jina hilo. Chakula cha kima punju ni majani machanga, vichipukizi na matunda mabichi, na tumbo lake limegawanyika vyumba vinne ambamo chakula huchachuka kabla ya kusagika. Tunda bivu lenye sukari nyingi humdhuru kwa gesi, na kwa sababu hiyo ndizi ya mtalii haimfai hata kidogo. Majani ya mwembe na ya mkungu, ambayo huyapenda na yamejaa kwenye mashamba haya, yana virutubisho vingi lakini pia yana kemikali zinazoyafanya yawe magumu kwa tumbo. Dawa yake ni makaa. Wanyama hawa huyafuata makaa kwenye matanuri ya wachoma mkaa na kwenye visiki vilivyoungua, huyala, na makaa hunyonya zile kemikali zisiwadhuru. Jambo hili limechunguzwa na kuthibitishwa na wanasayansi, na nilifurahi kulisikia kutoka kwa mtu ambaye bibi yake, alivyosema, alikuwa akiwafukuza kima kwenye tanuri lake kwa fimbo.

Zamani wakulima waliwachukia pia kwa sababu ya minazi, kwani kima hula vidaka, na kila anayeona kidaka kikiliwa huhesabu nazi iliyopotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mavuno ya minazi katika mashamba haya na ukakuta kwamba pale kima walipokula vidaka kwa wingi, mavuno ya mwisho hayakupungua. Mnazi una tabia ya kuangusha vidaka vingi wenyewe, na kima huenda wanafanya kazi ya kupunguzia tu. Hata hivyo mkulima ana mazao mengine shambani, na haki yake haiishii kwenye nazi. Ndiyo maana napenda utaratibu wa Jozani wa kugawa sehemu ya mapato kwa vijiji vinavyoizunguka na kwa wakulima ambao mashamba yao ndiyo malisho ya kima. Mgeni anayesimama chini ya mwembe kupiga picha anasimama ndani ya shamba la mtu, na inafaa ajue kwamba sehemu ya kiingilio chake inamhusu mwenye shamba.

Hapo ndipo nilipokasirika kwa mara moja tu siku ile. Wageni wawili wa kundi jingine walimnyooshea kima mdogo biskuti ili aje karibu na kamera, na mama yake akashuka hadi urefu wa kifua cha mtu. Muongozaji wetu aliwazuia kwa adabu, akawaeleza kwamba maradhi ya binadamu humwingia kima kwa njia hiyo na kwamba umbali unaotakiwa ni mita tatu, nao wakarudi nyuma. Kima hawa wanapatikana Zanzibar tu duniani, na hesabu iliyofanywa kisiwa kizima, iliyotangazwa mwaka 2018, ilikuta wapo zaidi ya 5,800. Idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa hapo kabla, lakini kwa aina nzima ya mnyama ni watu wa mtaa mmoja. Biskuti moja ni jambo dogo likitendwa na mtu mmoja. Likitendwa kila siku na wageni wa mabasi manane, ni jambo jingine kabisa. Ninawasihi wasomaji wenye watoto wawafundishe hili kabla ya kushuka garini. Na wenye magari wapunguze mwendo pale penye matuta, kwa kuwa matuta hayo yaliwekwa baada ya kima wengi kugongwa, yakapunguza vifo, lakini hayakuvimaliza.

Sasa nije kwenye mikoko, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Njia ya mbao ya Pete iko mwendo wa kilomita moja hivi kutoka mapokezi, na huanzia chini ya mkwaju mkubwa ambao kivuli chake peke yake kinatosha kumpumzisha mtu kwa nusu saa. Kutoka hapo njia hupita kwanza kwenye msitu mkavu wa juu ya mawe, kisha ardhi hushuka kwa kiasi ambacho jicho halitambui, harufu ya chumvi na majani yaliyooza huingia puani, na mbao zinaanza. Njia ina umbo la kwato ya farasi, kwa hiyo mtu hutoka karibu na pale alipoingilia. Ni tambarare, mzee aliweza kuitembea bila ya taabu, ila baada ya mvua mbao huteleza na viatu vya kushika vizuri ni lazima.

Kosa la safari yangu ya kwanza lilikuwa ni kuletwa hapa kwa dakika kumi, saa ambayo hakuna aliyejali bahari ilikuwa wapi. Mikoko haitazamwi kwa saa ya mkononi. Mahali hapa ni pawili: pana sura maji yakiwa yamekupwa na sura nyingine yakiwa yamejaa, na mwenye kuona moja tu amesoma ukurasa mmoja. Safari hii tulipanga kwa kufuata mwezi. Sisi wa Unguja tunajua kwamba siku za bamvua, karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Tulichagua siku moja baada ya mwezi mpevu. Kwa hiyo kima tuliwaona mapema, tukaingia mikokoni saa nne na nusu, tukapumzika mchana, na tukarudi mbaoni mara ya pili saa kumi. Muongozaji alisema ni wageni wachache sana wanaoomba kurudi mara ya pili, na alikubali kwa furaha.

Maji yakiwa yamekupwa, kinachoonekana ni kazi ya mizizi. Mkoko wenyewe, ambao umeupa msitu wote jina lake, husimama juu ya mizizi iliyojipinda kutoka shinani kama miguu ya pweza. Mchu huotesha vijiti vyembamba vilivyosimama wima topeni, mamia kwa mamia, kila kimoja mithili ya penseli, na kazi yake ni kupumulia, kwa sababu tope lile halina hewa. Msinzi, ambao wengine huuita muia, mizizi yake hujikunja juu ya tope kama magoti ya mtu aliyekaa. Katikati yao huota mkandaa, ambao magamba yake yalitumika kutia ngozi rangi, na mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo lisiloliwa. Muongozaji alichuma jani la mchu akatuambia tulirambe upande wa chini. Lilikuwa na chumvi kana kwamba limetiwa kwenye mchuzi. Mchu huinywa chumvi na kuitoa kwa majani, alisema, ilhali mkoko huizuia mlangoni, kwenye mizizi, isiingie. Niliishi kisiwani maisha yangu yote na tofauti hiyo sikuwa nikiijua.

Tope nalo lina wenyeji wake. Kaa wadogo wa kiume wenye gando moja kubwa kupita mwili wao walikuwa wakilipunga juu chini kwenye milango ya mashimo yao, na ukikanyaga ubao kwa nguvu wote hutoweka kwa pamoja, kisha hurudi mmoja mmoja. Tondo walikuwa wametapakaa juu ya majani yaliyoanguka, wakiyala. Kwenye mashina ya michu walining'inia konokono wengine wembamba ambao hupanda maji yanapokaribia na kushuka yanapotoka, na wanaijua saa ya bahari kuliko mtu mwenye jedwali mkononi. Tulisimama mahali pamoja kwa muda usiopungua dakika ishirini. Muongozaji hakutuharakisha hata mara moja, na katika huduma ya aina hii sioni sifa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Ni hapo mjomba aliposhika shina la mkoko lililonyooka, akalipima kwa kiganja, akasema, "Hii bado haijawa boriti. Hii ni pau." Kijana aligeuka kwa mshangao. Mzee akaanza kutuhesabia madaraja ya miti kama yalivyotumika katika biashara: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja kwa unene wake, na zote zikiuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Majahazi ya Oman na ya Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi yakiwa yamebeba tende na samaki wa chumvi, na kusi ilipoanza kuvuma yaliondoka na boriti kutoka Rufiji, Lamu na visiwani, kwa sababu nchi zile hazina mti mrefu wa kuezekea. Alipofika Oman akiwa kijana, alisema, nyumba ya kwanza aliyolala ilikuwa ya zamani, ya udongo na mawe, na usiku alipoinua macho darini aliona boriti zilezile alizoziona darini kwa mama yake, zikiwa hata na magamba mahali mahali. Hizo ndizo zilizoamua upana wa chumba, huku na kule: chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko urefu wa boriti, takriban mita tatu, na ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe na za Lamu ni virefu na vyembamba.

Kijana alimuuliza maswali mengi kuliko niliyouliza mimi siku nzima. Naye akatueleza upande wa pili wa habari hiyo, kwamba miti iliyokatwa kwa ajili ya boriti, kuni za kuchomea chokaa na mkaa iliacha sehemu kubwa za mikoko ya kisiwa zikiwa wazi, na kwamba sasa ndani ya hifadhi ukataji umezuiwa na vijiji vimepanda upya baadhi ya maeneo. Mbegu ya mkoko hailali ardhini ikasubiri mvua: huota ingali juu ya mama yake, hurefuka na kuwa kama kijiti cha kijani kinachoning'inia, kisha huanguka na kujichomeka topeni, au huchukuliwa na maji mpaka ipate mahali pa kukaa. Alimpa mjomba kimoja kilichokuwa kimeanguka juu ya ubao, akamwonesha upande wa kuchomeka. Mzee aliinama kwa uangalifu akakichomeka mwenyewe.

Mchana tulitoka kula. Ndani na karibu na kima usile chochote, na mfuko wa chakula uwe umefungwa vizuri. Tulikuwa na mikate ya ufuta, samaki wa kukaanga na chupa ya chai, tukala nje chini ya kivuli, kisha tukanunua madafu kando ya barabara. Mtu anayetaka wali wa moto anaweza kwenda mpaka Paje, lakini kwa mpango wa siku nzima hilo lingetupotezea muda mwingi. Nawashauri wachukue chakula chao, maji ya kutosha, kofia na dawa ya mbu, hasa kwa ajili ya saa za jioni mikokoni, ambako mbu ni wengi kuliko msituni. Mjomba alilala kidogo chini ya mkwaju. Kwa wenye kuswali, mfuko uwe na mkeka mdogo.

Saa kumi tuliporudi mbaoni, mahali palepale hatukupatambua. Penseli za mchu zote zilikuwa zimezama. Tope halikuwapo, badala yake palikuwa na maji ya kijani, maangavu kiasi cha kuonesha visamaki vidogo vikipita kati ya mizizi ya mkoko kwa makundi, vikijificha kwenye vivuli vyake. Maji haya huingia kwa mkono wa bahari unaopenya kutoka kusini mpaka Pete, na huingia bila ya sauti yoyote: unatazama jani lililo juu ya tope, unageuza uso, na ukirudisha macho jani linaelea. Konokono wa asubuhi walikuwa wamekwisha kupanda juu ya kipimo cha maji. Wavuvi wanaposema kwamba mikoko ni nyumba ya samaki huwa tunawaitikia tu kwa heshima. Nilipokuwa nimesimama pale, na vichanga vile vikipita chini ya miguu yangu, niliona vyumba vyake.

Na kima nao walikuja. Lilikuwa kundi dogo, hawakuzidi tisa, na lilitokea upande wa msitu mkavu likaingia kwenye mikoko kwa kuruka, likaanza kula majani huku maji yakiwa chini yao. Wale wa asubuhi shambani walikuwa wamezoea watu. Hawa walituangalia kwa muda mrefu kabla ya kuendelea, na walibaki mbali. Muongozaji alisema kwamba katika kisiwa cha Uzi, kusini ya hapa, kima punju hutumia sehemu kubwa ya maisha yao ndani ya mikoko. Hakuna aliyepiga picha. Mwanga ulikuwa umekwisha kulala juu ya majani, na rangi ya kutu ya migongo yao ilikuwa ileile ya mizizi ya mikoko pale inapotoka majini, hata nilipompoteza mmoja ilinichukua muda kumpata tena.

Nikiulizwa nitoe alama, sehemu ya kima ningeipa nne kati ya tano, kwa sababu uzuri wake hutegemea sana idadi ya watu waliokuzunguka, na msitu wenyewe ningeupa tatu na nusu. Mikoko, kwa mtu anayeiona mara mbili kwa siku moja, naipa tano bila ya kusita. Kwa anayeiona kwa dakika kumi maji yakiwa nusu, siwezi kumlaumu akiipa mbili. Muongozaji apewe bahashishi ikiwa amefanya kazi yake vizuri, na wetu aliifanya kwa siku nzima. Familia na skuli za Unguja ndizo ambazo ningependa kuziona huku zaidi: watoto wetu wengi huijua Jozani kama mahali daladala inapopunguza mwendo tu, kwa sababu ya matuta, wanapopelekwa kwa bibi zao Makunduchi.

Kwa kurudi mjini, simama kando ya barabara kabla ya saa kumi na moja na nusu, kwa maana daladala za jioni hupita zikiwa zimejaa na hukawia. Sisi tulipata ya tatu. Tulipofika nyumbani, mjomba alikaa barazani akataka kujua bamvua ya mwezi mchanga itaangukia siku gani, kwa sababu safari yake ya kurudi Muscat ilikuwa bado wiki tatu, na alitaka kwenda kukitazama kile kijiti chake.